Ni nani aliyemwondoa mtangazaji wa mahali kwenye redio za kibiashara?

Mfuatiliaji wa Mawimbi ameuliza:

Salaam, wanajukwaa. Ninaomba tujadili kwa kina jambo moja kuhusu redio za kibiashara, nalo ni kutoweka kwa mtangazaji anayeijua sehemu anayoitangazia. Simzungumzii mtangazaji mwenye sauti nzuri, kwa sababu sauti nzuri zimejaa hewani hata leo. Ninamzungumzia yule ambaye wasikilizaji walimjua kwa jina, wakajua anaishi upande gani wa mji, na ambaye akisema barabara fulani imefungwa basi alikuwa ameiona mwenyewe alipokuwa akija kazini. Mtangazaji wa namna hiyo alibeba wajibu ambao haukuandikwa kwenye mkataba wowote: akikosea jina la mtaa, simu zilianza kulia studio kabla wimbo haujaisha.

Mfano ninaoupenda ni kituo cha WDIA cha Memphis, Marekani. Mwaka 1948 wamiliki wake, ambao walikuwa Wazungu na ambao biashara yao ilikuwa inasuasua, walimpa kipindi Nat D. Williams, mwalimu wa shule ya sekondari na mwandishi wa safu za magazeti aliyeheshimika sana miongoni mwa Wamarekani Weusi wa mji ule. Haukupita muda mrefu vipindi vyote vya kituo vikaelekezwa kwa wasikilizaji hao, B.B. King alitangaza hapo kabla dunia haijamjua kwa gitaa lake, na mwaka 1954 kituo kikaanza kurusha matangazo kwa nguvu ya wati 50,000. Williams hakuacha kufundisha. Alikuwa darasani mchana na hewani baadaye, kwa hiyo wazazi wa wanafunzi wake ndio waliokuwa wasikilizaji wake. Kituo hicho kilisoma pia matangazo ya kutafuta watu na vitu vilivyopotea, na huduma hiyo ndiyo iliyowafanya watu wasihame masafa, na wafanyabiashara wakalipia matangazo kwa sababu watu hawakuhama.

Leo, katika nchi nyingi zenye redio za kibiashara zilizokomaa, unaweza kusafiri siku nzima, ukayaacha masafa ya mji mmoja na kuingia ya mji mwingine, ukasikia jina lile lile la kituo, nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule, na sauti moja inayosema “hapa kwetu” bila kutaja hapo ni wapi. Ninauliza kwa dhati: ni nani aliyemwondoa mtangazaji wa mahali? Ni sheria, ni mitambo, ni wamiliki, au ni sisi wasikilizaji tuliokwenda kutafuta nyimbo kwenye simu? Na je, kuna hatua yoyote yenye maana inayoweza kuchukuliwa, au tunaomboleza tu?

---

Mhifadhi Nyaraka amejibu:

Ndugu Mfuatiliaji, swali lako linastahili jibu lenye tarehe, kwa sababu mtangazaji huyo hakuondolewa siku moja wala kwa mkono mmoja. Alinyang’anywa mamlaka yake kidogo kidogo, na kila aliyechukua sehemu yake alikuwa na hoja iliyoonekana nzuri wakati ule.

Cha kwanza kuchukuliwa kilikuwa haki ya kuchagua nyimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Todd Storz, aliyekuwa akiendesha kituo cha KOWH huko Omaha, alianza kurudia mara nyingi kwa siku idadi ndogo ya nyimbo zilizopendwa zaidi, na hesabu za wasikilizaji zikampa haki. Mfumo huo wa nyimbo 40 bora ukaenea. Kisha ikaja kashfa ya rushwa: mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilichunguza malipo ya siri ambayo kampuni za santuri ziliwapa watangazaji ili wapige nyimbo zao. Alan Freed, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko watangazaji wengi kuupeleka muziki wa rock and roll kwa vijana, alipoteza kazi yake New York katika sakata hilo. Sheria ilirekebishwa mwaka 1960, na wamiliki wa vituo walipata sababu ya kuhamisha uchaguzi wa nyimbo kutoka kwa mtangazaji kwenda kwa meneja wa vipindi. Kuanzia hapo mtangazaji akabaki na maneno ya katikati ya nyimbo tu, na hata hayo yakaanza kupimwa. Mwaka 1965 Bill Drake aliipanga upya KHJ ya Los Angeles kwa kanuni ya maneno machache na muziki mwingi, na vituo vingi vikamwiga.

Hata hivyo, ningependa tusiharakishe kusema kwamba mtangazaji alikufa hapo. Ndani ya masharti hayo makali KHJ ilikuwa na Robert W. Morgan na The Real Don Steele, watu ambao wasikilizaji wa Los Angeles hawakuwasahau. Kubanwa maneno hakumuui mtangazaji ikiwa bado yupo mjini, bado anaangalia nje kupitia dirisha lile lile wanaloangalia wasikilizaji, na bado mtu anaweza kumpigia simu. Kilichofanya uharibifu usiorekebishika kilikuja baadaye, pale umiliki ulipobadilika.

Nchini Marekani, hadi miaka ya 1980 kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 7 vya AM na 7 vya FM katika nchi nzima. Idadi ikapandishwa hatua kwa hatua, ikafika 20 kwa 20. Kisha tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Mawasiliano iliyofuta kabisa kikomo cha taifa na kuruhusu kampuni moja kuwa na hadi vituo 8 ndani ya soko moja kubwa. Yaliyofuata yalikuwa mnada. Kampuni ya Clear Channel, ambayo kabla ya sheria hiyo ilikuwa na makumi ya vituo, ilikuwa na zaidi ya 1,200 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ununuzi huo ulifanywa kwa fedha za kukopa, na mkopo hulipwa kutokana na faida. Katika kituo cha redio, gharama kubwa unayoweza kuipunguza kesho asubuhi ni mshahara wa mtu anayezungumza.

Uingereza ilifika pale pale kwa njia ndefu zaidi. Redio halali za kibiashara zilianza huko Oktoba 1973, LBC na Capital zikitangulia London, Radio Clyde ikifuata Glasgow siku ya mwisho ya mwaka huo. Kila leseni ilikuwa ya mahali pake, na mdhibiti alikagua kama ahadi za kuhudumia mahali hapo zinatekelezwa. Baada ya kampuni ya redio ya Global kuinunua kampuni nyingine ya redio, GCap, mwaka 2008, majina ya vituo vya miji mingi yalifutwa na kuwekwa jina la Heart, na kuanzia 2011 jina la Capital. Mwaka 2018 mdhibiti Ofcom alipunguza muda wa lazima wa vipindi vya eneo kwa siku za kazi kutoka saa 7 hadi saa 3 kwa vituo vinavyotoa habari za eneo kila saa ya mchana, na akaondoa sharti kwamba kipindi cha asubuhi kiwe miongoni mwa vipindi hivyo. Miezi michache tu baadaye, katika mwaka 2019, Capital na Heart zilifunga vipindi vyao vya asubuhi vya maeneo na kuweka kimoja cha taifa kutoka London. Mwaka 2020 kampuni ya Bauer ilivigeuza vituo vingi vidogo ilivyokuwa imevinunua kuwa Greatest Hits Radio, na baadhi yake vilikuwa vimebeba jina la mji wao kwa miongo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sheria ilifungua mlango, na deni likasukuma kutoka nyuma.

---

Fundi Mitambo amejibu:

Mhifadhi Nyaraka ameeleza vizuri upande wa sheria na fedha. Mimi ninaomba kueleza upande wa chumba cha mitambo, kwa sababu bila mitambo wamiliki wasingeweza kufanya walichofanya hata kama sheria ingewaruhusu.

Kituo kujiendesha chenyewe ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya kompyuta kulikuwa na kanda kubwa za sumaku zilizotengenezwa na kampuni za nje, zikiwa na nyimbo zilizopangwa tayari. Mwishoni mwa kila wimbo iliwekwa sauti nzito ya hezi 25, ya chini kiasi kwamba msikilizaji wa kawaida haitambui, lakini mtambo uliitambua na kuiamuru mashine ya pili iwashe kanda yake. Mashine zilipokezana hivyo usiku kucha. Kasoro ilikuwa kwamba kanda haikujua ni saa ngapi wala mvua inanyesha wapi, na msikilizaji aligundua upesi kwamba hakuna mtu. Tangu miaka ya 1980 setilaiti iliwezesha mtangazaji mmoja kusikika moja kwa moja katika vituo vingi, ila naye alilazimika kusema mambo ya jumla.

Kompyuta ndiyo iliyoondoa kasoro hiyo, au tuseme iliyoificha. Fikirini mtangazaji ameketi mbele ya skrini. Hasikilizi kipindi, anasikia sekunde chache za mwisho za wimbo unaoisha, kisha sekunde za mwanzo za wimbo unaofuata, na kwenye skrini kuna kihesabio kinachoonyesha zimebaki sekunde ngapi kabla mwimbaji hajaanza kuimba. Ana sekunde 11, kwa mfano. Anasema maneno yake, anamaliza sekunde ya 10, anabonyeza kitufe, na programu inamrukisha hadi mwisho wa wimbo huo. Dakika tatu za muziki hazikupita kwake hata kidogo. Kipindi cha muda wa saa 4 kinakamilika katika nusu saa au pungufu yake. Akimaliza, anafungua faili la mji mwingine. Kuna karatasi au ukurasa unaomwambia jina la uwanja wa michezo wa mji huo, jina la barabara kuu, na namna ya kutamka jina la meya. Anarekodi tena, anasema “jioni njema hapa mjini”, na faili linasafiri kwenda kituo ambacho hajawahi kukanyaga.

Ninasema haya bila kuwadharau wanaofanya kazi hiyo. Inahitaji ustadi mkubwa, na wengi wao ni watangazaji hodari waliokubali kwa sababu njia nyingine ilikuwa kupoteza ajira. Shida iko kwenye kile kisichoweza kuingia katika faili. Mtu aliyerekodi saa 5 asubuhi hawezi kujua kwamba saa 10 jioni daraja limefungwa. Msikilizaji akipiga simu, simu inalia katika chumba kisicho na mtu.

Kila mjadala wa namna hii huufikia mji wa Minot, North Dakota, nami ninautaja kwa uangalifu. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002 treni ya mizigo iliacha reli karibu na mji huo na kumwaga gesi ya amonia. Mtu mmoja alifariki na mamia walihitaji matibabu. Clear Channel ilikuwa inamiliki vituo vyote 6 vya kibiashara vya mji huo, na polisi walisema walipiga simu kwenye kituo kilichoteuliwa kutangaza taarifa za dharura bila kupata mtu. Kampuni ilijibu kwamba mfanyakazi alikuwepo, na kwamba kosa lilikuwa la mamlaka za mji ambazo hazikuwa zimeandaa ipasavyo mtambo wa kutuma tahadhari. Wanaotaja kisa hiki mara nyingi huacha nusu ya pili. Lakini hata tukiikubali nusu hiyo yote, bado tunaona mji mzima ukitegemea mtambo mmoja na mlango mmoja, pale ambapo zamani kungekuwa na wamiliki kadhaa na watu kadhaa walio macho usiku.

---

Dawati la Mauzo amejibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa heshima, ila ninaona hukumu imetolewa kabla ya upande wa biashara kusikilizwa. Mnaandika kana kwamba msikilizaji alinyang’anywa kitu alichokuwa anakitaka. Vipimo havisemi hivyo moja kwa moja.

Kwa miongo mingi Marekani ilipima usikilizaji kwa daftari. Mtu alipewa kijitabu, akaandika kwa wiki nzima vituo alivyosikiliza, na kwa kuwa wengi walijaza kwa kukumbuka, waliandika walichokikumbuka. Mtangazaji mwenye jina alikumbukwa. Mwaka 2007 kampuni ya Arbitron ilianza kutumia, katika masoko ya Philadelphia na Houston, kifaa kidogo cha kubeba mwilini ambacho hutambua alama ya sauti isiyosikika iliyofichwa ndani ya matangazo ya kila kituo. Kifaa hakikumbuki wala hakipendi. Kinaandika dakika kwa dakika masikio yako yako wapi. Wasimamizi wa vituo wakaanza kuona kwenye jedwali kwamba watu huondoka mtangazaji anapozungumza, hasa mazungumzo yakirefuka bila kuelekea popote. Ungekuwa wewe meneja, ukiwa na jedwali hilo mezani na mkutano na wamiliki keshokutwa, ungefanya nini?

La pili ni kuhusu anayelipa. Kampuni kubwa inayotaka kutangaza bidhaa nchi nzima haitaki kujadiliana na vituo 40 vyenye majina 40. Inataka jina moja, bei moja, mkataba mmoja na sauti inayojulikana. Jina moja la taifa linauzika, na Global walilielewa hilo mapema. Kwa upande mwingine, duka dogo lililokuwa likilipia tangazo la kipindi cha asubuhi sasa linatumia fedha hizo kwenye mitandao ya kijamii, ambako linaambiwa ni watu wangapi wamebofya. Fedha iliyokuwa ikimlipa mtangazaji wa mahali imehama, na haikuhamishwa na mmiliki.

La tatu, na hili halisemwi kwa sababu linauma: si kila mtangazaji wa mahali alikuwa Nat D. Williams. Vituo vingi vidogo vilikuwa na vipindi dhaifu, visivyo na maandalizi, na msikilizaji wa mji mdogo ana haki ya kusikia kipindi kilichoandaliwa vizuri kama wa mji mkuu. Mtandao wa vituo humpa hilo.

---

Mfuatiliaji wa Mawimbi amejibu:

Ninashukuru kwa majibu yote, na kwa namna ya pekee kwa Dawati la Mauzo, kwa sababu hoja ya daftari na kifaa sikuwa nimeisoma ikielezwa wazi hivi. Lakini naomba nimrudishie hoja hiyo. Ikiwa daftari lilipima kumbukumbu na kifaa kinapima uwepo wa masikio, basi tuna vipimo viwili vya mambo mawili tofauti, na sioni sababu ya kukiita kimoja ukweli na kingine udhaifu wa msikilizaji. Mtu anayekumbuka jina la mtangazaji siku tano baada ya kumsikia ametuambia jambo ambalo kifaa hakiwezi kulijua: kwamba kesho atarudi. Kuondoka kwa dakika moja wakati wa mazungumzo na kurudi kesho yake kwa sababu ya mazungumzo yale yale ni mambo yanayoweza kutokea kwa mtu mmoja. Tena, wimbo sasa unapatikana popote, wakati wowote, bila tangazo. Redio ikiondoa kila kinachomfanya mtu aondoke, itabaki na kitu ambacho simu inakitoa vizuri zaidi.

Kuhusu vipindi dhaifu, ninakubali vilikuwepo. Tofauti ni kwamba mtangazaji dhaifu wa mahali anaweza kukua, kwa sababu kuna watu wa kumrekebisha. Kwa muda mrefu vituo vidogo, hasa zamu za usiku, ndivyo vilivyokuwa shule ya watangazaji. Zamu hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kukabidhiwa kompyuta. Sijui mitandao mikubwa itawapata wapi watangazaji wake wa kesho ikiwa imezifunga nafasi ambazo waliopo walijifunzia.

---

Msomaji wa Leseni amejibu:

Ninaingia kwenye sehemu ya mwisho ya swali la kwanza: je, kuna hatua yenye maana? Ninaamini ipo, ila tuanze kwa kutambua jambo ambalo wachangiaji wamelipita kwa haraka. Masafa ni mali ya umma. Kampuni haiyamiliki, imepewa leseni ya kuyatumia, na tangu mwanzo leseni ilitolewa kwa kubadilishana na huduma. Huduma hiyo ilikuwa ikiainishwa kwa masharti, na masharti hayo yamekuwa yakilegezwa moja baada ya jingine kwa hoja kwamba redio ina hali ngumu.

Kwa zaidi ya miaka 70 kituo cha Marekani kilitakiwa kuwa na studio kuu ndani au karibu na jamii iliyopewa leseni. Oktoba 2017 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilipiga kura kuifuta kanuni hiyo, kwa maelezo kwamba wananchi sasa wanawasiliana na vituo kwa njia ya mtandao. Uingereza ilipitisha Sheria ya Vyombo vya Habari mwaka 2024, ikaondoa masharti yaliyobaki ya vipindi kutengenezwa katika eneo, na kubakiza wajibu wa kutoa habari zilizokusanywa katika eneo lenyewe. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wabunge waliafiki kwamba mtangazaji wa muziki anaweza kukaa popote, lakini wakashikilia kwamba habari lazima ziwe na mtu aliyepo mahali. Australia nayo imeweka sheria inayovitaka vituo vingi vya kibiashara vya mikoani kutoa kwa siku za kazi muda wa saa 3 wa maudhui yenye umuhimu kwa eneo.

Masharti ya saa yana udhaifu wake, na Dawati la Mauzo angelisema hili kama angeendelea: saa zinaweza kujazwa. Mtu anaweza kusoma hali ya hewa na matokeo ya michezo kutoka mji wa mbali, na mkaguzi akaweka alama ya ndiyo. Ndiyo maana mimi ningependelea masharti yanayohusu mtu kuliko saa: kwamba kila leseni iwe na angalau mwandishi mmoja anayefanya kazi katika eneo hilo, na kwamba kuwe na mtu mwenye uwezo wa kukatiza matangazo kwa saa zote 24. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya masafa.

Kuhusu wazo kwamba wamiliki wakubwa hawawezi kuuhudumia mji, ninawakumbusha New Orleans mwaka 2005. Baada ya kimbunga Katrina, kituo cha WWL kiliendelea kurusha matangazo, na kampuni mbili zilizokuwa mahasimu, Entercom na Clear Channel hiyo hiyo tunayoilaumu, ziliunganisha watangazaji wao chini ya matangazo ya pamoja yaliyorushwa na vituo vyao vingi. Watu waliokwama kwenye mapaa walipiga simu, na waliozipokea walikuwa watu wanaoijua mitaa hiyo. Ukubwa wa kampuni ulisaidia siku hizo, kwa sababu mitambo na watu wa miji mingine walipatikana. Kwa hiyo simchukii mmiliki mkubwa kwa ukubwa wake. Kinachonisumbua ni deni. Clear Channel ilinunuliwa na kampuni za uwekezaji mwaka 2008 kwa fedha za mkopo, ikabadili jina kuwa iHeartMedia mwaka 2014, na Machi 2018 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai ikiwa na deni la takriban dola bilioni 20. Kampuni nyingine ya redio, Cumulus, ilikuwa imetangulia mwaka 2017, na Audacy, ambayo ndiyo Entercom ya zamani, ikafuata Januari 2024. Kampuni tatu kubwa za redio katika nchi moja zimepita mahakamani kwa sababu ya madeni. Nani anaweza kusema kwamba kuwaondoa watangazaji kuliziokoa?

---

Fundi Mitambo amejibu tena:

Ninaongeza jambo moja ambalo litafanya mjadala huu uonekane wa zamani baada ya muda mfupi. Sasa hata yule anayerekodi kwa nusu saa anaanza kuonekana ghali. Mwaka 2023 kituo kimoja cha Portland, Oregon, kilianza kutumia nakala ya kompyuta ya sauti ya mtangazaji wake, na kiliwaeleza wasikilizaji wazi. Mwaka 2025 ilifahamika kwamba kituo cha CADA cha Sydney kilikuwa kimerusha kwa miezi kadhaa kipindi cha muda wa saa 4 kila siku ya kazi, kikiongozwa na “Thy”, ambaye alikuwa sauti iliyotengenezwa na programu. Wasikilizaji hawakuwa wameambiwa. Sheria haikuwa imelazimisha waambiwe.

Hapa ndipo ningependa wadhibiti waanzie, kwa kuwa ni sharti jepesi na halimgharimu mmiliki chochote: kituo kiseme wazi, kila saa, kama anayesikika yupo studio, amerekodiwa, au ametengenezwa na mashine, na kama yupo, yuko mji gani. Baada ya hapo msikilizaji aamue.

Kwa ndugu Mfuatiliaji, na kwa yeyote anayetaka kukijua kituo chake kabla sharti hilo halijawekwa, kuna vipimo ambavyo sisi wa mitambo tunavitumia. Sikiliza kama mtangazaji anataja saa na dakika kamili, au anasema “jioni hii” tu. Aliyerekodi mapema huogopa dakika. Sikiliza anachofanya kunapotokea jambo la ghafla, kama umeme kukatika mjini au mechi kwenda muda wa nyongeza. Na piga simu ya studio wimbo ukiwa hewani, mara kadhaa, kwa saa tofauti, uandike ilipokelewa lini na na nani. Ukipata orodha hiyo, ipeleke kwa mdhibiti wakati leseni ya kituo inapofikia kuhuishwa, kwa sababu katika baadhi ya nchi huo ndio wakati ambao maoni ya wasikilizaji yanatakiwa kupokelewa rasmi, na mara nyingi hakuna anayeyapeleka.